Mafahali wa Resini wa Hai Mauna

Fundi aliogopa ng'ombe. Asubuhi, wachungaji walipopitisha mifugo katika barabara ya vumbi mbele ya nyumba yetu ya Hai Mauna, aliacha brashi ndani ya kikombe, akaingia chumbani na kufunga mlango kwa komeo. Nje, kwenye ubao mrefu wa barazani, mafahali wake kumi na tano au ishirini walibaki wamesimama, wengine bado wa kijivu, wengine wamefika nusu ya rangi, na ng'ombe wa kweli wakapita karibu kiasi cha kuwanusa.

"Imekwenda?" aliniuliza kupitia dirisha.

Nikimwambia wamekwenda, alingoja kidogo tena, kisha akatoka akifuta mikono kwenye aproni, kama mtu aliyekuwa ameingia ndani kutafuta kitu.

"Hiyo kitu iko na pembe," alisema, "na haina akili. Mimi naweza kukaa na kitu ya pembe kama iko na akili. Naweza kukaa na mjinga kama haina pembe. Yote mbili pamoja, hapana."

Na huyo ndiye mwanamke ambaye watu wa Juba walimwendea, kutoka Malakia hadi Thongpiny, awatengenezee sanamu ndogo za mafahali wao waliopotea.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kike wa darasa la nne katika shule moja ya binafsi, nimetoka Kitale kwa mkataba wa mwaka mmoja uliorefushwa, ukarefushwa tena. Nilipanga chumba nyuma ya chake. Yeye alikuwa ametoka Uganda miaka mingi kabla yangu. Kwa nini alikuja, na huko alimwacha nani, nilimuuliza mara moja tu. Alinijibu kwamba maji ya chai yalikuwa yanachemka, na kweli yalikuwa yanachemka. Sikuuliza mara ya pili.

Jumamosi nilikuwa nabeba madaftari ya wanafunzi na kwenda kusahihisha barazani kwake, kwa sababu chumba changu kilikuwa na joto na kwake kulikuwa na upepo kidogo. Hivyo ndivyo nilivyoijua kazi yake, bila kufundishwa.

Resini, plastiki ya maji inayoganda kama jiwe, ilikuja kutoka Kampala kwa basi, kupitia Nimule, ndani ya madumu yaliyofungwa kwa mifuko mitatu ili isinuke. Aliichanganya na dawa ya kuigandisha, akaimimina katika kalibu za mpira. Kalibu alikuwa nazo tatu tu: fahali aliyesimama, aliyegeuza kichwa na aliyelala. Pembe na masikio alivitengeneza kando, pembe juu ya waya, kwa kuwa kila mteja alikuja na pembe zake kichwani na hakuna aliyekubali za mwenzake. Kalibu ikifunguliwa, kilichotoka kilikuwa kitu cha manjano hafifu, kinachong'aa na kuteleza, ambacho ungeweza kukidhania sabuni.

Wengi wangesema kazi imekwisha. Kwake ndiyo ilikuwa inaanza. Resini ambayo haijakauka sawasawa aliiita iliyolala, na iliyolala haiguswi. Alibonyeza ukucha wa kidole gumba chini ya tumbo la fahali, mahali pasipoonekana. Ukucha ukiacha alama, alimrudisha juani siku nyingine nzima. Ikishaamka, aliiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, akisugua kwa mswaki mkuukuu, maana mafuta ya kalibu hujificha kwenye mikunjo ya shingo na katikati ya miguu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Baada ya hapo msasa laini ndani ya maji, ili vumbi lisiruke. Kisha rangi ya msingi, ya kijivu, kwa kopo la kupuliza, mara mbili nyembamba na si mara moja nzito. "Nyembamba, nyembamba," alijisemea, kama mtu anayetuliza mtoto. Ndipo zikaja rangi zenyewe. Mwisho wake alipitisha maji ya rangi ya kahawia, akayaacha yatiririke mabondeni, akafuta juu kwa kitambaa, na hapo ghafla ukaziona mbavu. Vanishi aliipaka asubuhi tu, na siku za mvua hakuifungua, kwa sababu unyevu huigeuza ukungu mweupe usiotoka.

Ungemwona hivyo ungesema ni mtu wa subira. Katika mambo mengine yote hakuwa na subira hata chembe. Wali wake uliliwa na kiini kigumu. Kanisani aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Mtu akisimulia jambo polepole, yeye alimmalizia sentensi, mara nyingi vibaya, na simulizi ikageuka kuwa nyingine. Aliwadanganya wateja wake bila kupepesa macho. "Ng'ombe yako iko tayari, nangoja vanishi tu," alimwambia mtu kwenye simu, huku mimi nikiona kwa macho yangu kwamba ng'ombe huyo bado yumo ndani ya dumu.

Lakini alipomuuliza mteja juu ya rangi, hakumkatiza. Alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, akaketi mbele yake na vikopo vyake, na kumwacha aseme. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuja kwa gari kubwa, amevaa suti siku ya joto, dereva akimngojea nje. Alitaka fahali mweusi.

"Nyeusi namna gani?" Fundi akamuuliza.

"Nyeusi ni nyeusi," yule mzee akajibu, kidogo kwa ukali.

Fundi akapaka mstari mweusi kwenye kipande cha bati. Mzee akatikisa kichwa. Akaongeza bluu kidogo. Mzee akasema hapana, hiyo ni nyeusi ya jioni, na huyu aliamka na weusi wa asubuhi. Akaongeza kahawia. Wakaendelea hivyo mistari saba, minane, dereva amekwisha kulala kwenye usukani. Kwenye mstari wa tisa au wa kumi yule mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Amefika," Fundi akasema.

Alilitumia neno hilo kila mara rangi ilipopatikana. Na hata baada ya kazi nyingi hivyo sikumsikia akimuuliza mteja ng'ombe huyo alitoka wapi, wala alipotea vipi, wala nani alikufa siku ile. Aliuliza rangi, pembe, masikio, basi. Nilidhani ni adabu. Baadaye niliona kwamba ilikuwa pia namna ya kujikinga, kwa sababu kila aliyeketi kwenye kile kiti alikuwa na jambo nyuma ya ng'ombe wake, na Fundi alikuwa na moyo laini kuliko sauti yake.

Watu hakuwapaka. Mama mmoja mjane alimletea picha ya marehemu mumewe, akitaka kichwa na mabega, aweke sebuleni. Fundi alimkatalia palepale, kwa maneno makavu hata nikaona aibu. Mama wa watu akaikunja picha yake akaenda.

"Fundi, ungemwambia kwa upole," nikasema.

"Ng'ombe nikikosea, mtu atacheka, tutapaka tena," alinijibu bila kuinua macho. "Bwana yake nikikosea? Yeye atakaa na hiyo sura mbaya mpaka asahau ile nzuri."

Wiki iliyofuata nilisikia kwa majirani kwamba alikwenda nyumbani kwa yule mjane na jagi la kinywaji cha karkade, akakaa naye tangu mchana hadi jua kushuka. Kwangu hakutaja lolote.

Sasa niseme habari ya yule mlinzi, maana siwezi kumkumbuka Fundi bila yeye.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mlinzi wa geti katika ofisi ya shirika moja la misaada huko Thongpiny. Alikuwa amekulia kambini Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, hata tukawa tunataniana. Alikuja Jumamosi moja siku yake ya mapumziko, akachuchumaa badala ya kukaa kitini, akamweleza Fundi fahali wake. Mweupe mwili mzima, isipokuwa weusi uliomwagika kwenye bega la kulia na kushuka mguuni kama wino. Masikio mekundu. Sikio la kushoto limechanjwa, mfano wa mkia wa samaki. Pembe ya kushoto imefundishwa tangu udogo ipinde mbele, juu ya jicho.

"Nilikuwa namwimbia," akasema, kisha akacheka kwa haya. "Mwalimu, usiwaambie watoto wa shule."

Hakusema mengine. Fundi hakuuliza.

Kazi ile ilimchukua karibu mwezi. Sijui kwa nini aliipenda kuliko nyingine. Bega lile alilipaka na kulifuta mara nyingi, na ile pembe aliipinda, akaivunja, akaipinda upya. Jumamosi ilipobaki vanishi tu, alimweka mwanzo wa ubao, upande wa barabara, apate upepo.

Saa sita hivi mwanamume alipita. Alikuwa mrefu sana, mkononi ana fimbo, miguuni ndala zilizokatika na kushonwa kwa waya. Alipita kabisa, kisha akarudi kinyumenyume hatua mbili. Akamtazama yule fahali. Akapanda barazani bila kubisha hodi.

"*Tor de ta munu?*" aliuliza kwa Kiarabu cha Juba. Dume hili ni la nani?

"La mteja," Fundi akamjibu kwa lugha hiyohiyo, ambayo aliijua vizuri.

"Mteja gani? Anaitwa nani? Yuko wapi?"

Fundi akaichovya brashi ndani ya kikombe. Mtu yule akaonyesha sikio kwa kidole.

"Nani amekwambia habari ya sikio hili? Sema! Nani?"

Sauti yake ilikuwa imepanda, na fimbo yake ikagonga nguzo ya baraza. Sasa nitasema nilichofanya. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Fundi, madaftari mapajani. Nilikuwa nimesikia, kama kila mgeni anavyosikia, habari za ng'ombe walioporwa na watu waliouawa kwa ajili yao, na kichwa changu kilikuwa kimejaa habari hizo kuliko kilivyojaa watu. Niliona urefu wake, nikaona makovu ya paji la uso wake, nikaona fimbo. Nikamsogelea Fundi sikioni.

"Huyu anatafuta mtu wa kumlipiza kisasi," nikamnong'oneza. "Usimtaje kijana. Mfukuze."

Fundi aligeuka akanitazama. Ulikuwa mtazamo mfupi, wa kuuliza kama nina hakika. Nikatikisa kichwa kukubali. Basi akalichukua kopo la rangi ya kijivu, akalitikisa, akampulizia yule fahali kuanzia kichwani. Kazi ya mwezi mzima ilipotea kabla hujavuta pumzi mbili. Bega, masikio, jicho, vyote vikawa kijivu.

"Hakuna ng'ombe hapa," akamwambia. "Ni plastiki tu. Nenda."

Yule mtu alinyoosha mkono akaushika mgongo wa fahali, kama anayetaka kuizuia ile rangi isiendelee. Alisimama hivyo. Kisha akautoa mkono, akaangalia kiganja chake kilichokuwa cha kijivu chote, akashuka barazani, akaenda zake upande wa mtoni. Hakututukana.

Tulitazamana, halafu tukaanza kucheka. Tuliamini tumeokoa maisha ya mtu. Jioni ile tulinunua samaki, tukamla pamoja, na Fundi akanisifu mbele ya majirani kwamba Mwalimu ana macho.

Jumamosi iliyofuata mlinzi alikuja kumchukua fahali wake. Alimkuta wa kijivu, na mgongoni alama ya kiganja na vidole vitano vilivyozama katika rangi iliyokuwa mbichi. Fundi akamsimulia, kwa haraka yake ya kawaida, akitegemea shukrani.

Kijana hakushukuru. Alianza kuuliza, polepole.

"Alikuwa mrefu aje?"

Fundi akainua mkono juu ya kichwa chake.

"Alikuwa anatembea hivi? Mguu mmoja kama unavuta kidogo?"

Fundi akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwangalia akienda. "Ndiyo," nikasema.

Mlinzi akakaa chini, sakafuni. Akatuambia jambo ambalo hatukuwahi kumuuliza. Fahali yule alipewa na kaka yake mkubwa, siku alipohesabiwa mwanamume. Kaka yake mwenyewe ndiye aliyelikata lile sikio. Walitenganishwa vita vilipofika kwao, wakikimbia gizani, na tangu hapo kila mmoja aliamini mwenziwe amekufa. "Hakuna mtu mwingine duniani anajua hilo sikio," akasema. "Ni sisi wawili na mama."

Jirani alikuwa anatwanga kitu, tukasikia kila pigo.

"Nani alimfukuza?" kijana akauliza.

Nilifungua mdomo.

"Mimi," Fundi akasema.

Nami nikaufunga. Nilijiambia nitasema baadaye, atakapotulia. Nilijiambia pia kwamba maneno hayatamrudisha mtu. Mambo ya namna hiyo mtu huwa nayo mengi.

Tangu siku ile Fundi akawa mtu mwingine. Yeye ambaye safari zake zilikuwa bombani na kanisani alianza kuzunguka Juba nzima. Kwanza alimpaka fahali upya, kijana akiwa amekaa pembeni kumwambia, na hakuipiga msasa ile alama ya kiganja. Aliipaka juu yake, kwa hiyo ukipitisha mkono mgongoni ulizihisi kingo za vidole chini ya weupe. Kisha akamtia fahali katika kikapu cha sokoni, akamfunika kwa kitambaa, akawa anakwenda naye kila alipoweza. Mimi nilimsindikiza baada ya masomo. Tulikwenda vituo vya magari ya Bor na Yei, soko la mbao, foleni za msaada, makanisa ya watu wa kwao mlinzi. Kila mahali alifunua kitambaa na kuuliza kama kuna mtu mrefu, anavuta mguu, aliyewahi kumtaja ng'ombe kama huyu. Watu walikusanyika, wakamsifu fahali, wakabishana juu ya rangi yake, wakataja watu warefu hamsini. Hakuna aliyekuwa yeye.

Wakati mwingine tulikutana na ng'ombe hai njiani. Alikishika kikapu kwa mikono miwili, akasimama ukutani amefumba macho mpaka wapite. Lakini hakurudi nyuma.

Usiku hakulala vizuri, nilimsikia kupitia ukuta. Mara moja tu katika miezi ile alinigusia jambo lenyewe. Tulikuwa tumepumzika chini ya kivuli cha duka la maturubai. "Ningemuuliza swali moja," akasema. "Moja tu. 'Wewe ni nani yake?' Miaka yote nauliza rangi, rangi, rangi." Nilikuwa nangoja aseme na la pili, kwamba wewe ndiye uliyeninong'oneza. Hakulisema.

Mwezi wa tano wa kutafuta ndipo tulipompata, na si kwa fahali. Mtoni, pale maboti yanapopakia, mama mmoja muuza chai alitazama ndani ya kikapu, akasema ng'ombe hamjui, lakini anamkumbuka mtu mmoja mrefu aliyefika kwake akiwa na mkono mmoja wa kijivu. Alimpa mafuta ya taa akausugulia. Mtu yule alikaa kwenye kiti hiki hapa, hakunywa chai, na boti la mchana lilipoondoka kwenda Bor aliondoka nalo. Mama yule alimjua mpakiaji wa boti hilo. Mpakiaji aliwajua watu wa Bor. Baada ya wiki mbili tukapata namba ya simu.

Walizungumza barazani kwa Fundi, kijana ameiweka simu kwenye sauti kubwa juu ya ubao wa mafahali. Sikuijua lugha yao, wala Fundi hakuijua. Kwanza waliulizana maneno mafupi mafupi. Kisha sauti ya upande wa pili ikaanza kuimba, chini kabisa, na kijana akaitikia, wakaimba pamoja mpaka wakacheka. Fundi alikuwa analia wazi, hajifuti.

Halafu kicheko kikaisha. Kaka akawa anaongea peke yake. Neno pekee nililolielewa lilikuwa mama. Nikaona uso wa kijana ukizimika.

Simu ilipokatwa kijana alitueleza kwamba mama yao alikuwa hai wakati ule mtu mrefu alipopanda barazani kwetu. Alikuwa kambini, upande wa Uganda, na kaka yake alikuwa ametoka kwake siku chache tu kabla. Alikufa mwezi wa tatu wa kutafuta kwetu. Kaka hakumwambia habari ya fahali, akihofia kumpa tumaini la bure, naye alikufa akiamini mtoto mmoja tu ndiye aliyebaki.

Mlinzi alimchukua fahali wake siku ileile. Alimshika Fundi mikono yote miwili, akamwambia asante, na sauti yake haikuwa na chuki. Kwangu aliinamisha kichwa tu. Ile asante aliyompa ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwa sababu pamoja nayo alimwachia lawama, na lawama haikuwa yake.

Muhula ulipokwisha mkataba wangu haukurefushwa tena, nami sikuomba. Nikarudi Kitale. Siku ya kuondoka Fundi alinipa chupa ya vanishi nusu, kwa ajili ya meza yangu ya vitabu, akaniambia niipake asubuhi. Tulikumbatiana haraka, dereva anapiga honi. Nyumbani nilipata kazi, nikapata chumba chenye upepo wa kutosha, na kila nilipopita karibu na gereji wanapoziba mabodi ya magari kwa faiba, nikaunusa ule uchungu wa resini, miguu yangu ilisimama yenyewe. Nilimpigia Fundi simu wakati wa sikukuu. Aliuliza bei ya mahindi, akanimalizia sentensi zangu, akakata. Tulizungumza juu ya kila kitu isipokuwa lile.

Baada ya miaka miwili nilirudi Juba kufuatilia vyeti vyangu. Hai Mauna niliwakuta wapangaji wengine. Wakanielekeza Malakia, nyuma ya duka la kamba na ndoo. Nikamkuta ameinamia beseni, anamsugua fahali kwa mswaki ndani ya povu. Alikuwa amekonda. Nywele alikuwa amezikata, na mvi zilikuwa zimemkaa vizuri.

"Mwalimu," akasema, kana kwamba nilitoka jana kwenda dukani. "Kaa. Hapana hapo, hapo iko rangi."

Nilikaa. Chai ikaja, ikanywewa. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima, tangu Nimule, na maneno yote mazuri yakanikimbia.

"Fundi," nikasema, "yule kaka wa mlinzi. Mimi ndiye niliyekwambia umfukuze."

"Naijua," akajibu, anaendelea kusugua. "Mimi nilikuwa hapo."

"Na kijana alipouliza, ulisema ni wewe. Mimi nikanyamaza."

"Kopo ilikuwa kwa mkono ya nani? Yangu." Akamzungusha fahali, akaanza miguu ya nyuma. "Wewe ulikuwa naogopa. Mimi pia nilikuwa naogopa. Mtu mwenye haogopi hapo alikuwa yeye peke yake."

"Sijawahi kupata nafuu, Fundi. Nimekuja nikuombe msamaha."

Hapo aliacha kusugua. Alinitazama vizuri, maji yanamdondoka viwikoni, nikaona amekasirika, hasira ambayo katika miaka yote sikuwahi kuelekezewa.

"Kwa nini unaniomba mimi?" akasema. "Mama yake alikuwa mama yangu? Yule kijana iko Thongpiny, geti ile ile. Zamu yake leo ni ya mchana." Akasimama, akaivua aproni, akaitupa juu ya ndoo. "Twende."

Tulipanda bodaboda moja, yeye katikati. Getini mlinzi alikuwa anaandika namba ya gari. Alikuwa amenenepa kidogo, amefuga ndevu. Alipotuona alitabasamu, kisha akaona nyuso zetu, tabasamu likaondoka. Fundi akanishika kiwiko akanisogeza mbele, kama ninavyofanya na mtoto aliyevunja kioo cha darasa.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mnong'ono, kisasi nilichokitunga kichwani, na kimya changu alipouliza. Magari mawili yalikuja, akayafungulia, akarudi kusikiliza.

Nilipomaliza akafunga daftari lake la namba za magari.

"Kaka aliniambia siku ileile ya simu," akasema. "Alisema kulikuwa na mwanamke wa vitabu, alimnong'oneza mwenye rangi, ndiyo akafukuzwa. Nilijua, Mwalimu. Nilikuwa nangoja uje."

"Umenisamehe?"

"Ndiyo naanza," akasema. "Wewe ndiyo umekuja leo."

Aliniletea kiti chake mwenyewe, kilichokuwa kwenye kivuli cha ukuta, na kunitaka nikae, anieleze habari za Kenya. Nikamgeukia Fundi ili nimpishe yeye kwanza. Hakuwapo. Alikuwa amekwisha kuvuka barabara, anatembea kwa miguu kurudi Malakia, mikono imefungwa nyuma, haraka haraka kama kawaida yake.

Kesho yake nilisafiri. Majuma machache baadaye namba yake iliacha kupatikana, na mwenye duka la kamba na ndoo alinijibu kwamba alihama, hakusema wapi. Kwa hiyo ile ndiyo mara ya mwisho niliyomwona. Pale getini, nilipomwona akienda, nilitaka kumwita, nimshukuru, nimwambie asubiri twende pamoja. Ndipo nilipogundua kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kumuuliza jina lake. Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Fundi!" Wanaume watatu waliokuwa wakitengeneza pikipiki kando ya barabara wakainua vichwa. Yeye hakugeuka.